Miti ya Nairobi ni Mali ya Wananchi: Tuipande, Tuilinde

(Hotuba ya mratibu wetu mbele ya wanachama wa matawi ya Nairobi)



Tumekuja kusema nanyi juu ya miti. Pengine wako watakaouliza: Je, chama chenye kazi ya kudai haki za wananchi kina haja gani na miti? Jibu letu ni fupi. Mti wa shambani husimama juu ya ardhi yenye mwenyewe. Mti wa mjini aghalabu husimama juu ya ardhi ya wananchi wote, nayo ardhi ya wote ndiyo inayotamaniwa kuliko nyingine. Kwa hiyo mti wa mjini hukatwa mara mbili: kwanza kwa kalamu ofisini, halafu kwa shoka. Anayengoja kusikia shoka amekwisha kuchelewa.

Hatusemi haya kwa kukisia. Tarehe 5 Juni 1977 Mama Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake walikwenda kwa maandamano hadi uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti 7. Katika hiyo 7, iliyosalia ni 2 tu. Wanawake wale hawakukata tamaa, bali walijifunza. Chama chao cha Green Belt Movement kiliwalipa akina mama fedha kidogo kwa kila mche uliokutwa hai, wala si kwa kila shimo lililochimbwa. Kwa njia hiyo miti zaidi ya milioni 50 imepandwa katika Kenya. Basi hesabu ya kweli ni ya miti iliyo hai.

Hata hivyo, maji na samadi peke yake havitoshi. Mwaka 1989 palitolewa mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, mahali ambapo mtu asiye na bustani kwake hupumzika Jumapili na watoto wake. Mama Wangari aliandika barua, akapinga, akatukanwa hata Bungeni. Mwishowe waliotazamiwa kutoa fedha walirudi nyuma, na mpango ukatupwa. Nasi tusifiche jambo moja: jumba lile lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama kilichotawala wakati ule. Chama nacho kikishiba chaweza kuwasahau waliokilisha. Kwa hiyo iwe mwiko kwa tawi lolote letu kujenga hata kibanda cha ofisi juu ya uwanja wa wananchi. Mkituona sisi viongozi wenu tukifanya hivyo, tuzuieni.

Halafu ikaja Karura. Msitu ule una zaidi ya hekta 1,000, nao uko ndani ya mji wetu. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu zake zimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999 watu waliokwenda kupanda mti mmoja tu walipigwa na kundi la wahuni, na Mama Wangari akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wakaandamana, wananchi wakapaza sauti. Tarehe 16 Agosti mwaka ule ule Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Baadaye, tangu 2009, wakazi wa jirani walishirikiana na idara ya misitu, wakazungusha ua na kuweka walinzi. Msitu uliokuwa ukiogopwa kwa sababu ya wevi, leo watu hutembea humo na watoto wao.

Na mwaka 2020, barabara ya juu ilipojengwa, mugumo wa Westlands, unaokisiwa kuwa na umri wa miaka 100, ulikuwa karibu kung'olewa. Wananchi walilalamika, na mwezi wa Novemba amri ikatoka kwamba uachwe. Lakini miti mingine mingi ya kandokando ya njia ile haikupona. Mugumo ulikuwa na watetezi. Mingine haikuwa nao.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wa kila tawi mambo matatu.

Kwanza, kila mche upewe nyumba ya kuutunza. Nyumba hiyo iumwagilie maji wakati wa kiangazi na kuuzungushia miiba mbuzi wasiufikie, mpaka utakaposhika mizizi.

Pili, tupande miti inayopatana na nchi yetu, kama mugumo na muhugu, wala tusipande karibu na mifereji ya maji wala chini ya nyaya za umeme, ili kesho tusilazimike kuikata wenyewe.

Tatu, tuwe na daftari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila uwanja, kila bustani na kila ukingo wa mto ulio katika mtaa wenu, kisha nendeni katika ofisi ya ardhi mkaulize umeandikwa kwa jina la nani. Nendeni watu wengi pamoja, kwa adabu, na msiondoke bila jibu.

Kazi hii haina malipo wala cheo. Lakini mtoto anayezaliwa Mathare leo ana haki ya kivuli sawasawa na mtoto wa Muthaiga. Haki hiyo hatutaletewa na mtu.

Harambee!