Mpungate Huuawa na Maji: Mazungumzo na Wahitimu wa Kisomo, Songea



Leo hatuzungumzi juu ya mahindi wala kahawa. Tunazungumza juu ya mmea wenye miba. Najua wengine mtacheka, lakini subirini kidogo. Mmea huu huitwa mpungate. Wengine huuita dungusi kakati. Ni ule mmea wa kijani, mnene, ambao vipande vyake vinafanana na chapati zilizopandwa moja juu ya nyingine, na mwili wote una miba.

Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, siku hizi akina mama na vijana wengi wa hapa Songea wanapanda maua barazani, na wengine wanayauza kando ya barabara. Mpungate umo katika maua hayo. Mtu anaununua kwa fedha yake, anautunza kwa mapenzi, na masika yakiisha anakuta umeoza. Pili, watu huuchanganya na minyaa ya uani. Kuchanganya huko kunaweza kumgharimu mtoto macho yake. Tutafika huko.

Kwanza tuujue mmea wenyewe. Asili ya mpungate na jamaa zake karibu wote ni bara la Amerika. Kule Meksiko watu hula matunda yake na hata vile vipande vyake kama mboga. Afrika tunao jamaa mmoja tu wa asili. Huyo hana umbo la chapati. Huning'inia juu ya miti kama nyuzi, katika misitu yenye unyevu, na hata hapa Tanzania yupo. Wengine wote waliletwa.

Sasa, mpungate unaishije mahali ambapo mvua hainyeshi kwa miezi mingi? Majani yake yamegeuka kuwa miba, kwa hiyo maji hayapotei kwa njia ya majani. Shina limekuwa ghala la maji. Tena mmea huu una akili. Mahindi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, jua likiwaka. Mpungate hufungua usiku kukiwa na baridi, na mchana hufunga. Ni kama mama anayefunga mtungi wake vizuri ili maji yasikauke.

Hapo ndipo tunapokosea. Mtu aliyezoea mchicha huona kwamba kupenda mmea ni kuumwagilia asubuhi na jioni. Mpungate ukimwagiliwa hivyo, mizizi hukosa hewa, huoza, na uozo hupanda juu. Ghala limejaa, nawe bado unaleta magunia.

Na tukumbuke mahali tulipo. Songea si jangwa. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hupita milimita 1,000. Udongo wetu mwekundu, penye mfinyanzi mwingi, hushika maji. Ndugu zetu Wamatengo wa Mbinga wanasifika kwa ngoro, yale mashimo ya mlimani yanayozuia maji na udongo visiteremke. Ngoro ni kazi ya akili sana kwa maharage na mahindi. Kwa mpungate fanya kinyume chake. Usichimbe shimo. Inua tuta, maji yakimbie.

JINSI YA KUPANDA

Chagua kipande kilichokomaa, kigumu, si kile laini kilichochipua juzi. Ukishike kwa gazeti lililokunjwa mara nne au tano. (Gazeti hili linafaa, ila lisome kwanza.) Kikate pale kinapoungana na mwenzake, kwa kisu kikali na safi.

Usikipande siku hiyo. Haya ndiyo maneno ambayo watu hawayaamini. Kiweke kivulini, mahali pakavu penye hewa, siku saba hadi kumi na nne, mpaka kidonda kikauke na kufanya gamba. Kipande chenye kidonda kibichi kikiingia ardhini hupata ugonjwa kama mtu mwenye jeraha anayekanyaga tope. Hakitakufa kwa kukaa bila udongo. Kina maji yake ndani.

Kama unapanda katika kopo, toboa matundu manne au matano chini kwa msumari. Kopo la rangi lililosafishwa vizuri linafaa, na ndoo iliyopasuka inafaa zaidi. Changanya udongo wa kawaida kopo moja, mchanga wa mtoni kopo moja, na kokoto ndogo nusu kopo. Samadi iwe kidogo sana, na iwe ya zamani iliyooza kabisa. Fukia theluthi moja ya kipande. Kikiyumba, kiegemeze kwa jiwe. Kaa wiki moja bila kumwagilia, kisha anza kidogo kidogo.

Wakati mzuri hapa kwetu ni Septemba au mwanzo wa Oktoba. Baridi imepungua, mvua bado, na mizizi inapata nafasi ya kushika kabla ya masika.

Je, umwagilie lini? Chukua kijiti kikavu, kichomeke katika udongo hadi karibu na chini ya kopo, kisha kitoe. Kikitoka na udongo umeganda, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke matunduni, kisha usirudi mpaka kijiti kikauke tena. Wakati wa jua kali huenda ikawa mara moja kwa wiki mbili. Juni na Julai, kwa baridi yetu, mara moja kwa mwezi yatosha. Masika, makopo yasogezwe chini ya upenu yasinyeshewe kila siku, ila mwanga uyafikie.

Mmea wenyewe utakuambia hali yake. Ukinywea na kuwa na mikunjo kama ngozi ya mzee, una kiu. Upe maji, utarudi. Ukilainika chini, ukawa wa kahawia au mweusi, na ukinuka, umeoza. Huo hauponi kwa maji wala kwa mbolea. Kata juu ya uozo mpaka uone nyama safi ya kijani, kausha kipande, panda upya. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, hao ni wadudu wanaofyonza maji yake. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Miba mikubwa inaonekana, basi haitishi sana. Hatari ni vile vinywele vidogo vilivyo kama vumbi penye mashina ya miba. Vikiingia mkononi usisugue, wala usitumie meno. Bandika plasta au utepe wenye gundi, kisha bandua. Makopo yasiwe mahali watoto wanapochezea.

MPUNGATE SI MNYAA

Sasa tusikilizane vizuri. Mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani makubwa, ambao wengi tumeufanya ua la nyumba, si ndugu wa mpungate. Mnyaa ni wa hapa hapa Afrika. Kuna na miti mingine mikubwa yenye pembe na miba, inayofanana sana na mpungate, nayo ni ukoo wa mnyaa. Mtu anawezaje kutofautisha? Chana kidogo kwa kisu, uso ukiwa mbali. Mimea ya ukoo wa mnyaa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mpungate wa chapati hutoa maji ya kuteleza, kama bamia.

Maziwa yale ni sumu. Yakiingia jichoni huunguza, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona, kwa muda au kwa daima. Anayekata ua la minyaa avae mikono mirefu, afunike macho, na watoto wakae mbali. Yakimwingia mtu jichoni, nawa mikono yako kwa sabuni kwanza, kisha mmiminie maji safi jichoni bila kukoma, si chini ya dakika 15, huku akifumbua. Usitie maziwa ya mama, usitie majani, usitie mafuta. Kisha mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, hata kama anasema nafuu imekuja.

Baada ya maneno haya mzee mmoja aliuliza: “Mwalimu, kama mnyaa una sumu, si tung'oe nyua zote tupande mpungate?” Swali zuri. Tulimjibu hapana. Ua la minyaa linalotunzwa na kukatwa kwa uangalifu halina ubaya. Mpungate ndio unaotoroka. Kila kipande kinachoanguka huota mizizi, na ndege na nyani wakila matunda husambaza mbegu. Kule Laikipia, Kenya, aina moja ya mpungate imetwaa malisho mapana. Mifugo hula matunda, miba huwachoma midomo na matumbo, na nyasi hazina nafasi tena. Wenzetu wamelazimika kuleta wadudu wa kuushambulia. Australia ilipatwa kabla yao. Huko ulienea katika mamilioni ya hekta, mpaka mwaka 1926 walipoachilia nondo kutoka Argentina ambao viwavi wao huula.

Kwa hiyo tunasema: mpungate ukae koponi, au mche mmoja karibu na nyumba ambapo unauona kila siku. Usipandwe mpakani mwa malisho wala kando ya mto. Ukipogoa, vipande usivitupe porini wala jalalani. Vianike juu ya bati au jiwe mpaka vikauke kabisa, kisha vichomwe moto.

Mama mmoja akauliza kama matunda yanaliwa. Ya mpungate wa chapati, ndiyo. Watu wa Tigray, Ethiopia, huyategemea sana wakati mazao ya shamba bado hayajaiva. Lakini yapitishwe motoni kwanza ili vinywele viungue, kisha yamenywe. Ukiona maziwa meupe popote katika mmea, usile.

Waliotaka vipande tuliwaambia waje na gunia kavu au kikapu. Wasivifunge ndani ya nailoni, maana humo vinatoa jasho, na mtu wa Namtumbo atafika nyumbani na uozo.