Rangi ya Buluu Katika Maziwa

Leo tusome habari za maziwa yanayoshushwa kutoka milima ya Upare mpaka Same mjini. Mnunuzi atajuaje kama yana vijidudu vingi, nayo bado hayajaganda?

Iko dawa ya rangi iitwayo methilini bluu. Hutiwa kidogo katika maziwa, chupa ikazibwa na kuwekwa katika maji ya uvuguvugu. Sasa ngojeni. Vijidudu ni viumbe hai, navyo hupumua. Ndani yao mna vimeng'enya, yaani vitenda kazi vinavyovunja chakula ili kupata nguvu. Vimeng'enya hivyo hutoa haidrojeni katika chakula na kuipa ile buluu, nayo hupoteza rangi yake. Maziwa yakirudia weupe kabla ya nusu saa, ni mabaya sana. Yakikaa buluu kwa saa nyingi, ni mazuri. Yaliyopimwa yamwagwe, yasinywewe.

Hamira na sukari hufanya vivyo hivyo. Lakini ukiichemsha hamira kwanza, buluu haipotei, maana moto umeharibu vimeng'enya.

Baridi haiviharibu, huvipunguzia mwendo tu. Kwa hiyo maziwa ya Chome, karibu na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, hukawia kuharibika. Hatari huanza yakifika kwenye joto la Same. Osheni vyombo kwa maji ya moto, mkashuke alfajiri.

Swali la darasa: maziwa yaliyotoka kuchemshwa yakitiwa buluu, rangi itapotea upesi au itakawia? Andikeni na sababu yake.