Kwale Aliyejulikana kwa Miguu Yake
(Maneno ya hotuba juu ya kutazama ndege katika msitu wa mawingu)



Kazi yangu ni kufasiri maneno. Siku moja nililetewa karatasi yenye habari za watu wasafirio mbali kwenda kutazama ndege, nami nikaandika vivyo hivyo: kutazama ndege. Mzee mmoja aliposomewa habari hiyo akaniuliza, "Mwanangu, wakiisha kumtazama humfanya nini?" Nikamjibu, "Humwacha aende zake, mzee." Akacheka sana, nami nikacheka pamoja naye, kwa maana katika utoto wangu ndege alitazamwa kwa jicho moja tu, la pili likiwa limefumbwa ili manati isikose shabaha. Lakini swali lake halikunitoka moyoni, na leo nataka kulijibu.

Jibu langu limo katika milima ya Udzungwa, nchini Tanzania. Mtu akitoka katika milima yetu ya Taita na kushika njia ya kusini, atakutana na Upare, Usambara, Uluguru na milima mingine ya kale, hata afike Udzungwa, ambako safu hiyo hukoma. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huigonga milima hiyo, zikapanda juu na kupoa, na mvuke wake ukawa mawingu. Mawingu hayo hayapiti juu ya msitu, bali huingia ndani yake na kukaa. Mashina ya miti yamevikwa mimea laini kama sufu ya kijani, na majani hudondosha maji hata siku isiyonyesha mvua. Kwa kuwa bahari haikuacha kuleta unyevu, misitu hiyo ilidumu hata zama zile sehemu nyingine za Afrika zilipokauka. Ikawa kama visiwa, na viumbe wake wakatengwa na wenzao kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 1992 sehemu ya milima hiyo ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na eneo lake ni kilometa za mraba 1,990.

Basi sikilizeni habari ya sufuria. Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika milima hiyo. Ndani ya sufuria ya chakula wakaona miguu miwili ya ndege, wala haikufanana na miguu ya ndege yeyote waliyemjua. Wakamtafuta mwenye miguu hiyo msituni, wakamwona: kwale mdogo wa rangi ya udongo, ambaye mchana huchakura majani makavu, na usiku hulala juu ya mti. Mwaka 1994 alitangazwa katika jarida la elimu ya ndege, naye alikuwa mgeni kabisa katika vitabu, hata ikabidi aundiwe jina la ukoo wake mwenyewe. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba jamaa zake wa karibu walionekana kuwa kwale wa misitu ya Asia, ng'ambo ya bahari.

Sasa nawauliza: ni nani aliyemgundua ndege huyo? Wataalamu walijua vitabu, wala hawakujua kwamba yupo. Watu wa huko walijua kwamba yupo, tena walijua na ladha yake. Neno moja tu hawakulijua, kwamba milima ile ndiyo makao yake, na akiisha humo amekwisha. Kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," lakini hapa naona mgeni naye aliponywa na mwenyeji.

Wala huyo siye peke yake. Katika msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya Hifadhi hiyo, chozi mwenye rangi ya kutu katika mabawa yake alitangazwa mwaka 1983. Watu walikuwa wamepita chini ya maua yake kwa miaka isiyohesabika.

Mtu atakaye kutazama ndege katika msitu wa namna hii na ashike mambo machache. Hifadhi ya Udzungwa hutembelewa kwa miguu, pamoja na mwongozaji. Amka kabla ya mapambazuko, kwa maana ndege huimba sana asubuhi. Usivae nguo nyeupe wala za rangi kali. Tumia masikio kabla ya macho, kwa sababu katika ukungu hondohondo husikika mbawa zake zikivuma kabla hajaonekana. Usikimbie huku na huku. Keti mahali pamoja, ukae kimya, kwa maana mara nyingi ndege wadogo wa aina mbalimbali husafiri pamoja wakitafuta wadudu. Kwa muda mrefu hutaona kitu, kisha mti mzima utajaa. Darubini ni msaada mkubwa, lakini kijitabu na kalamu ni bora zaidi. Andika siku, mahali, rangi, sauti, na jina aitwalo na wenyeji.

Najua kuna atakayesema, "Haya ni mambo ya wenye nafasi; sisi tunataka kuni." Neno hilo ni la haki, wala halifai kudharauliwa. Wanavijiji wanaopakana na Hifadhi ya Udzungwa waliruhusiwa zamani kuokota kuni kavu humo kwa siku maalum, na mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Mzigo wa kuutunza msitu uliwaangukia kwanza akina mama wenye jiko. Kwa hiyo nasema, mtu aliyebeba mzigo huo asiachwe nje ya elimu yake. Yeye aijuaye njia, mti na sauti ndiye afaaye kuwa mwongozaji na mwandishi wa habari za msitu, naye apate ujira wake.

Na sisi wa Kenya tusidhani kwamba hizi ni habari za jirani. Kule Taita, mwanzo wa safu hiyohiyo, misitu ya mawingu imekatwa hata vimebaki vipande vidogo, kama Ngangao na Mbololo. Humo mna kidege ambacho wataalamu hukiita Apalis wa Taita, nacho hakipatikani penginepo duniani. Kimo katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Penye miti hakuna wajenzi, na penye ndege wa namna hii mara nyingi hakuna watazamaji.

Mzee wangu aliuliza, wakiisha kumtazama humfanya nini? Leo ningemjibu hivi: Humwandika, mzee, na mwaka wa pili hurudi kuona kama angali yupo. Asipokuwapo, hujua mapema kwamba msitu unaugua, wakati ungalipo wa kuuponya.