Gundi ya Ndugu Wawili

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya gundi. Naam, gundi, ile inayobaki kwenye rangi ya gari baada ya kubandua maandishi. Msicheke. Gundi hiyo ilinichukua siku tatu mwaka 2013, na mpaka leo sijaisahau.

Mimi na mdogo wangu tulinunua Nissan ya abiria 14 mwaka 2005. Ilikuwa nyekundu. Mtakumbuka kwamba kanuni za Waziri John Michuki zilikuwa zimekwisha kuanza kazi tangu tarehe 1 Februari 2004: mikanda kwa abiria, kidhibiti mwendo, na mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu. Wenye magari wengine waliupaka mstari huo kwa rangi. Sisi tulibandika utepe. Chini ya utepe, kila ubavu, tukabandika kwa herufi kubwa nyeupe jina la gari letu: NDUGU WAWILI. Abiria wa Mwembe Tayari wakatuita hivyo hivyo. "Ndugu Wawili wameondoka?" "Bado, wanajaza." Na kwenye mlango wa nyuma tuliweka nembo inayong'aa ya gari la fahari ambalo halikuwa letu, wala halingekuwa letu kamwe. Ujana ndio ule.

Hatukudumu kuwa wawili. Mimi nilishika daftari, yeye alishika usukani, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake anamwibia. Mwaka wa nane tuliacha kusemezana. Yeye akahamia ng'ambo ya Likoni, gari likabaki kwangu. Nikapata mnunuzi, shule moja, nao walilitaka safi: hakuna mstari, hakuna jina, hakuna nembo. Kwenye kitabu cha usajili jina lilikuwa langu peke yangu. Kwa hiyo nikajiambia kwamba bei nayo ni yangu peke yangu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga Kibokoni, katika Mji wa Kale, na vichochoro vya huko mnavijua: mkokoteni wenyewe hupita kwa kubembelezwa. Niliegesha gari karibu na Fort Jesus, nikaanza kazi siku ya Ijumaa saa sita mchana, jua la utosi, kwa wembe na kisu cha jikoni.

Herufi ya kwanza ilinishinda. Bati lilikuwa la moto hata haligusiki, na gundi ilivutika kama chingamu. Nilikwangua kwa hasira, na ilipotoka ile N, chini yake palikuwa na mikwaruzo mitatu iliyofika kwenye bati. Fahamuni kwamba rangi ya gari, pamoja na tabaka zake zote, hukaribia unene wa karatasi moja tu ya daftari. Wembe hauna subira na kitu chembamba namna hiyo. Nikamwaga petroli kwenye kitambaa, nikasugua. Gundi haikutoka, ilitapakaa, na vumbi la barabara likaja kuishika. Nililala na harufu ya petroli mikononi na uchungu moyoni, nikimlaumu mdogo wangu kwa yote, hata kwa wembe.

Asubuhi ya Jumamosi alipita mzee mmoja, jirani yetu, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi mashua pale Bandari ya Kale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaitazama ile mikwaruzo. "Mwanangu, gari hili limekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nitupe wembe, na petroli niiweke mbali kabla sijajichoma. Kisha akanifundisha, nami nawapa kama nilivyopewa. Fanya kazi asubuhi, bati likiwa na uvuguvugu, si moto. Osha kwanza, kwa maana mchanga ulio chini ya kitambaa hukwaruza kama msasa. Chovya kitambaa katika maji ya moto, ukikamue, ukilaze juu ya herufi mpaka gundi ilainike. Inua pembe kwa ukucha au kwa kadi ya plastiki, kisha vuta polepole ukiirudisha herufi juu yake yenyewe, wala usiivute kuja kwako. Ikigoma, usishindane nayo. Rudisha kitambaa cha moto.

Kwa ile nembo ya nyuma alichukua mshipi wa kuvulia samaki, akaupitisha kati ya nembo na bati, akawa anakwenda nao huku na huku kama msumeno. Lakini kwanza alifungua mlango akapapasa kwa ndani, kwa sababu nembo nyingine hazikubandikwa tu, zina misumari iliyopita kwenye matundu, na hizo ukizilazimisha utapasua rangi. Yetu ilikuwa ya kubandikwa. Haikuchukua muda, ikaanguka mkononi mwake. Aliipenda, nikampa.

Masalio ya gundi aliyapaka mafuta ya nazi, tukaenda kunywa kahawa. Tuliporudi yalikuwa yamelegea, yakatoka kwa kusugua kwa kidole ndani ya kitambaa laini. Palipokuwa pagumu alitumia mafuta ya taa kidogo, baada ya kuyajaribu kwanza pembeni pasipoonekana, kisha sabuni na maji mengi. Ile mikwaruzo yangu tuliipaka rangi siku hiyo hiyo, kwa kuwa hewa yetu ya pwani haichelewi kuleta kutu.

Kufikia adhuhuri ubavu wa kulia ulikuwa safi. Nikarudi nyuma hatua kumi kuutazama, na jina lilikuwapo! NDUGU WAWILI, linasomeka vizuri, bila herufi hata moja juu yake. Nikadhani ni gundi. Nikaleta mafuta tena.

"Acha," mzee akasema, "hapo hakuna uchafu. Rangi nyekundu hupauka upesi kwa jua. Unayoiona chini ya herufi ndiyo rangi ya gari lenu siku mliyolinunua. Kilichobadilika ni hiki kingine chote."

Akanieleza kwamba pako pa kusaidia: kuna dawa ya kung'arishia, husuguliwa pale palipopauka ili pasogee karibu na rangi ya zamani, lakini kidogo kidogo, maana kila mara unaondoa rangi. Akaenda zake kuswali. Nami nikabaki nimesimama mbele ya yale maneno mawili.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kupitisha kapu la sadaka. Wasikilizaji, mnaijua Mathayo sura ya 5, mstari wa 23 na 24. Sikuhubiriwa juu yake siku ile. Nilitembea nayo tu kati ya viti, na kapu mkononi.

Alasiri nikalipeleka gari kwenye feri, ubavu mmoja umebanduliwa, mwingine bado. Mdogo wangu alitoka nje aliposikia injini. Aliijua sauti yake. Hakunisalimu. Alilizunguka gari, akasimama upande wa kulia, akafuata ile W kwa kidole.

"Hukubandua vizuri," akasema. "Linasomeka."

Nikamwambia kwamba shule italipa Jumatatu, na kwamba nusu ni yake. Na kwamba nilikuja na daftari, tulipitie mstari kwa mstari, hata kurasa nisizozipenda. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akazunguka upande wa kushoto, akajaribu pembe ya herufi kwa ukucha.

"Umetumia nini?"

"Mafuta ya nazi."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na chupa, na vitambaa viwili.

Saa yangu imekwisha, wapendwa. Kwaherini.