TUMBO DOGO, SINIA LILE LILE

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana wa Bondeni, Kyela. Mzungumzaji ameomba jina lake lisiandikwe. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema, ili na wewe msomaji uliyeko mbali uyasikie.)

 

Najua baadhi yenu mmekuja kuhakikisha kama kweli ni mimi. Ni mimi. Yule dada mwuza mchele aliyekuwa akipanda Hiace ya Kasumulu analipa nauli ya watu wawili, ndiye huyu. Nilikuwa kilo 121. Leo asubuhi nimepima, kilo 83. Na lile swali mnalolificha shavuni ninalijua, nitalifikia.

Sikuja kumshawishi mtu akapasuliwe, wala kumkataza. Nimekuja kueleza siku zinazofuata, ukisharudi nyumbani. Hizo hazisemwi sana.

Kwanza tuelewane ni upasuaji gani. Watu hudhani daktari anafungua tumbo na kuchota mafuta kama anayechota samli. Sivyo. Kwa aina niliyofanyiwa mimi, daktari anapitisha vyombo kwenye matundu madogo, anakata mfuko wa chakula na kuondoa sehemu yake kubwa, kati ya asilimia 75 na 80. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Nilipoambiwa hivyo nilicheka hadi nesi akaja kuangalia. Mtu wa Kyela kabakiziwa ndizi!

Ipo aina nyingine, ya kutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo moja kwa moja. Hiyo ilianzishwa na daktari Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966. Na lipo puto, ambalo halihitaji kukata kitu. Linaingizwa kwa njia ya mdomo, linajazwa, na mara nyingi linatolewa baada ya miezi sita. Kwetu Tanzania huduma hizi zimekuwa zikitolewa Mloganzila, Dar es Salaam, tangu miaka ya mwanzo ya 2020.

Nani anastahili? Chukua kilo zako, gawanya kwa kimo chako mara kimo chako, kwa mita. Mimi nina mita 1.62, basi 121 gawa kwa 1.62 mara 1.62, unapata 46. Mwaka 2022 chama cha wapasuaji wa fani hii cha Marekani na kile cha kimataifa walikubaliana kwamba anayefika 35 anaweza kupendekezewa upasuaji, na aliye chini kidogo ya hapo afikiriwe kama ana kisukari. Mimi nilikuwa na kisukari na presha nikiwa na miaka 27. Wewe mwenye kilo 70 unayetaka kiuno cha kwenye video, haya hayakuhusu. Kacheze mpira.

Haya. Nikapasuliwa, nikaruhusiwa kwenda kwangu Dar. Wiki mbili za mwanzo ni vitu vya majimaji tu. Uji mwepesi, mchuzi uliochujwa, maziwa. Kisha vitu vilivyopondwa, kisha laini, na chakula cha kawaida nilianza wiki ya saba hivi. Chakula cha kawaida maana yake vijiko vitano vya mezani, basi. Kula taratibu, tafuna mpaka kilainike kabisa, anza na samaki au maharage au yai kabla ya wali, kwa sababu nafasi ikijaa wanga, protini haitapata pa kukaa. Na usinywe maji pamoja na chakula. Ukishakula, subiri nusu saa. Kwa mtu wa huku, na joto hili, hiyo nusu saa ni ndefu! Maji nayo ni ya kunywa kwa mafunda madogo madogo kutwa nzima. Kugida kikombe kizima kama mtu aliyetoka shamba la mpunga, sahau.

Nikapewa na vidonge vya vitamini, na madini ya chuma na chokaa. Nikaambiwa, "Hivi ni vya maisha." Nikaitikia kama mnavyoitikia nyinyi mkiambiwa mtumie chandarua.

Mwezi wa tano babu yangu akafariki. Nikapanda basi, zaidi ya kilomita 900 mpaka hapa. Nilikuwa nimeshuka hadi kilo 96. Nguo zinaning'inia, nywele zinakatika nikichana, ngozi ya shingo imelegea. Kukatika nywele ni jambo la kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha zinaota. Lakini nani hapa kijijini alikuwa na habari hiyo? Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu upasuaji, hata mama. Niliona haya. Nilijua watasema mvivu huyu, kashindwa kujinyima, kaenda kukatwa.

Msiba wa Kinyakyusa mnaujua. Watu ni wengi, siku ni nyingi, na chakula hakikatiki. Sinia la wali limejaa, nyama juu yake, ndizi pembeni. Mimi nakula matonge mawili nanawa. Shangazi anasema, "Mwanangu, unakataa chakula cha babu yako?" Nakula la tatu. Usiku nikipita nyuma ya jiko nasikia, "Huyu karudi ili azikwe kwao."

Ukubwani mwangu hapa, mtu mzima akikonda kulikuwa na maana moja tu. Mkoa wetu wa Mbeya uliumizwa sana na UKIMWI, na Kyela tuko mpakani, kila gari linapita. Kabla serikali haijaanza kutoa ARV bure mwaka 2004, tulikuwa tukimwona mtu anapungua, tunahesabu miezi. Mazoea hayo hayajatutoka. Unene wa mtu tunausoma kama cheti.

Basi asubuhi moja tunamenya ndizi, wanawake kama kumi na tano, mmoja akaniuliza kwa sauti ya huruma ile ya kisu: "Dada, umeshapima?" Mimi hasira zikanipanda. Kabla ya upasuaji hupimwa mambo mengi, na VVU pia, na karatasi nilikuwa nayo mkobani. Nikaitoa. Nikaisoma mbele yao, neno moja moja. Nikasema, "Mmesikia? Mimi siyo wa hivyo."

Kwenye lile duara alikuwepo ndugu yangu, binti wa baba mdogo. Yeye anaishi na virusi, anameza dawa miaka mingi. Nilijua. Wengine wawili watatu walijua. Hakusema kitu. Alichukua beseni lake la ndizi akahamia upande wa pili wa nyumba.

Jioni nilimfuata. Aliniambia sentensi moja: "Kwa hiyo mimi ndiyo wa hivyo." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. (Amenipa ruhusa kusema habari hii, lakini siyo zaidi ya hapo.)

Karatasi yenyewe haikusaidia kitu. Wakasema ni ya kununua. Ndipo nikafanya ujinga wa pili, nikaamua niwaonyeshe nakula. Nikawa nakula sahani nzima mbele za watu na kushushia maji, halafu naenda kutapika nyuma ya migomba. Vidonge niliviacha, kwani ningevimeza mbele ya nani? Wangesema ndizo ARV zenyewe. Arobaini ilipokaribia nilikuwa natapika hata uji. Zilipita wiki tatu hivyo. Miguu ikaanza ganzi, nyayo zinawaka moto. Nikitembea nayumba kama mtu aliyetoka kunywa kimpumu, na mara nyingine naona mtu mmoja ni wawili.

Nikaenda kutibiwa jirani. Niliulizwa, "Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?" Nikasema hapana. Nikatibiwa malaria. Silaumu mtu, maana aliyedanganya ni mimi.

Aliyeniokoa ni yule yule niliyemtukana. Alikuja usiku akakuta nashika ukuta ili nifike mlangoni. Akauliza, nikalia, nikamwambia yote. Asubuhi akakodi gari tukaenda hospitali kubwa Mbeya, na daktari alipoanza maswali yake, ndugu yangu akanitazama: "Mwambie, au nitamwambia mimi." Nikafunua tumbo, nikaonyesha makovu matano.

Daktari alibadilika uso. Hakunitundikia dripu ya sukari. Alianza kwa sindano za vitamini B1. Nawaomba hapa msikilize, hata wewe usiyetarajia kupasuliwa, kwa maana unaweza kumpeleka mtu hospitali. Mtu aliyetapika wiki kadhaa baada ya upasuaji wa namna hii anaweza kuishiwa B1. Mwili hauna ghala kubwa la vitamini hiyo, akiba yake ni ya wiki mbili tatu. Ikiisha, mishipa ya fahamu inaharibika, kisha ubongo. Na dripu ya glukosi ikitangulia bila B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo ganzi, kuyumba, kuona viwili, kusahausahau, pamoja na kutapika, siyo mambo ya kusubiri kesho, na jambo la kwanza kumwambia daktari ni: huyu alikatwa mfuko wa chakula.

Baadaye nikasoma jambo likanichekesha na kuniuma. B1 ya mpunga inakaa zaidi kwenye kiini na ile ngozi nyembamba ya ndani ya punje. Mashine ikikoboa hadi mchele uwe mweupe pee, vitamini inakwenda na pumba, tunawapa nguruwe. Miaka ya 1890 huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe miguu inawalegea, na wakilishwa usiokobolewa wanapona. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Sasa nione mimi, mwuza mchele ninayejivunia weupe wa mchele wangu Dar es Salaam nzima, nimepata ugonjwa wa kuku wa Java!

Miguu ilichukua miezi minne kurudi. Kidole gumba cha kushoto hakijarudi mpaka leo.

Ndugu yangu ndiye aliyenifundisha kumeza dawa. Yeye ni bingwa, miaka yote hiyo. Alisema usiziweke mahali pa siri, kwa sababu kila siku utakuwa unatafuta nafasi ya kujificha, na siku moja utaikosa. Weka juu ya meza. Meza saa ile ile, yeye huenda na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Siku hizi nikiwa hapa tunameza pamoja, yeye zake, mimi zangu, redio inasoma habari.

Mengine nitayapitia haraka. Dada zangu, uzito ukipungua, hedhi iliyokuwa imepotea inaweza kurudi na mimba kuingia kwa urahisi usioutegemea. Inashauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kwa hiyo zungumza na mtoa huduma kuhusu njia ya kuzuia mimba, maana vidonge vinaweza visifanye kazi vizuri, hasa kwa upasuaji ule wa kuunganisha utumbo. Pombe inapanda kichwani upesi kuliko zamani, na wapo wanaoacha chakula wakahamia kwenye chupa. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuleta vidonda, usinunue dukani kwa mazoea. Soda na sukari nyingi huweza kukutoa jasho na kukupiga moyo mbio. Ngozi iliyolegea hairudi yote, mimi naifunga na khanga naendelea na kazi.

Na uzito je? Unaweza kurudi. Huko Sweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Waliopasuliwa walipungua sana mwaka wa kwanza hadi wa pili, kisha wakaongezeka kiasi, lakini wakabaki chini ya walikoanzia, na vifo vilikuwa vichache kwao. Mimi nilifika kilo 79, sasa ni 83. Najua hizo nne zimetoka wapi. Ni maandazi ya asubuhi, laini, yanapita bila kubisha hodi.

Sasa kuhusu sinia. Mama alipojua ukweli alinyamaza siku nzima, kisha akauliza swali moja tu: "Kinaingia kiasi gani?" Nikamwonyesha kisahani cha chai. Tangu siku hiyo msibani au harusini, kabla sinia halijafika, mama anaweka kisahani mbele yangu, mbelele mmoja na kijiko cha wali, na shangazi akianza, mama anamjibu yeye kwa Kinyakyusa mimi nikiendelea kutafuna. Maneno yenyewe siwezi kuyasema mbele ya watoto.

Wapo wanaoniuliza bado kama nimepima. Siku hizi nawauliza, "Na wewe?" Karatasi sitoi tena.

Maswali nitayapokea. Ila kwanza mnipe maji, nusu saa imeshapita.