Kumbukumbu ya Gogo Priscilla



Naomba nimkumbuke Bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat, Nandi, aliyefariki Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 99. Watu walimwita Gogo, maana yake nyanya kwa Kikalenjin.

Alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 65. Katika utoto wake, siku za ukoloni, hakupata kusoma; ujuzi wote wa uzazi na wa mitishamba aliuweka kichwani. Alipokaribia miaka 90 akaenda kuomba nafasi katika shule ya watoto. Kwanza alikataliwa. Hakuona haya, hatimaye akavaa sare, akaketi darasani pamoja na vitukuu vyake, na watoto aliowapokea kwa mikono yake walipozaliwa.

Magazeti yaliipenda ile sare. Mimi, mtu wa kalamu, napenda zaidi sababu yake: alitaka kujisomea Biblia, na kuwaachia wengine maarifa ya ukunga. Tena alipowakuta watoto wasiokwenda shule, aliwauliza kwa nini. Wakisema wamekwisha kuwa wakubwa mno, je, waliweza kumtazama usoni?

Mauti yalimkuta akijitayarisha, pamoja na wenziwe wa miaka 12, kwa mtihani wa mwisho uliokuwa uanze juma lililofuata.