Haki Isiyo na Muhuri: Masharti ya Viza na Kuingia Nchi Jirani kwa Wakazi wa Mpaka wa Isebania na Sirari

Mada iliyowasilishwa katika semina ya siku moja ya machifu, viongozi wa wafanyabiashara na wahudumu wa usafiri, Suna, Migori

1. Utangulizi



Nimeombwa nieleze masharti ya viza na kuingia nchi nyingine kama mgeni. Mada hii ni pana na muda ni mfupi. Yale ambayo wengi wenu mnayajua nitayapitia kwa haraka, kisha nitakaa kwenye jambo moja linalotukera sisi tunaoishi chini ya saa moja kwa matatu kutoka mpakani. Maoni yaliyomo humu ni yangu. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa idara yoyote ya Kenya wala ya Tanzania.

2. Maana ya istilahi

Pasipoti ni hati ya serikali yako inayokutambulisha ugenini. Viza ni idhini ya nchi unayokwenda, ambayo kwa kawaida hupatikana kabla ya safari. Ruhusa ya kuingia ni muhuri unaogongewa mpakani, wenye tarehe na muda wa kukaa. Kibali cha muda ni hati nyepesi kuliko pasipoti, inayotambuliwa ndani ya Afrika Mashariki. Tanzania wana hati yao ya dharura ya safari inayofanya kazi hiyo hiyo.

Jambo la kukumbuka ni moja: kutohitaji viza hakumaanishi kutohitaji muhuri. Matatizo mengi nitakayoyaeleza yanatokana na kuchanganya mambo hayo mawili.

3. Masharti kwa ufupi

3.1 Mgeni kutoka mbali. Tangu Januari 2024 Kenya imeondoa viza na badala yake kuweka idhini ya kielektroniki ya kusafiri, inayoombwa kwenye mtandao kabla mgeni hajafika. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji, na mwaka 2025 msamaha huo ulipanuliwa kwa nchi nyingi za Afrika. Kwa Tanzania, mgeni anayehitaji viza ya kawaida hulipa dola 50 za Marekani, na raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Anayeendelea hadi Zanzibar, tangu Oktoba 2024, anatakiwa pia kukata bima ya safari ya huko kwa dola 44.

Wenye hoteli na madereva wa watalii walio hapa wazingatie jambo hili. Njia ya kutoka Serengeti kuingia Maasai Mara kupitia Bologonja na Sand River imefungwa kwa watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977. Ndiyo maana magari yao huzunguka kupitia Sirari na Isebania. Vilevile, ile viza moja ya utalii ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania haimo. Mgeni anayeibeba akidhani itamfikisha Serengeti atakwama dirishani.

3.2 Afya. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kwa hiyo anayetoka hapa kwenda Tanzania, akiwa amepita umri wa mwaka mmoja, huulizwa kadi ya manjano ya chanjo. Chanjo huhesabiwa kuwa imefanya kazi baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Anayekuambia kadi yako imekwisha muda kwa sababu ina zaidi ya miaka 10 anatumia kanuni ya zamani.

3.3 Raia wa Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 7 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine mwanachama bila viza. Kanuni zake zinaruhusu kukaa hadi miezi 6. Itifaki hiyo hiyo inaiachia serikali nafasi ya kuweka mipaka kwa sababu za usalama, afya na maslahi ya umma. Basi haki ipo, na utaratibu nao upo.

4. Tatizo kuu: mkazi wa mpakani anayevuka bila rekodi

4.1 Mstari na watu wake. Mpaka huu ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka ziwani kwenye latitudo ya digrii moja kusini, ukanyooka kuelekea Kilimanjaro. Wakuria walijikuta pande zote mbili, na Wajaluo wa Migori wakawa na ndugu zao Rorya. Mstari huo haujazuia kuoana, kuzikana wala kuuziana mahindi, samaki na mifugo. Hata mpaka ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, watu wa hapa walivuka. Mwezi Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilifunga mpaka huu kwa abiria ikaacha mizigo tu, nao watu wakahamia kwenye njia za panya. Somo ni wazi: dirisha likifungwa, vichochoro hujaa.

Leo dirisha halijafungwa. Isebania na Sirari ni kituo cha pamoja. Anayetoka Kenya anakamilisha kutoka na kuingia katika jengo moja upande wa Sirari, na anayetoka Tanzania anafanya hivyo upande wa Isebania. Kwa nini basi vichochoro bado vimejaa?

4.2 Dirishani. Ninalolieleza hapa nimelishuhudia kwa sura mbalimbali. Mama wa makamo kutoka Kuria Magharibi anafika na mjukuu mgongoni. Anakwenda matanga ya dada yake, mbele kidogo ya Tarime.

“Pole kwa msiba, mama,” afisa anamwambia. “Naomba pasipoti, au kibali.”

“Sina, mwanangu. Nina kitambulisho.”

“Kitambulisho cha Kenya peke yake hakinitoshi huku. Na mtoto?”

“Ni wa binti yangu. Cheti chake cha kuzaliwa kiko Nairobi kwa mama yake.”

Afisa anamweleza kwa upole arudi akashughulikie kibali, aje na cheti cha mtoto na barua ya mzazi. Mazishi ni kesho. Mama anatoka nje, na kabla hajafika barabarani kijana wa bodaboda ameshamwita. Wanapita kati ya mashamba ya mahindi, na baada ya dakika chache yuko Sirari mjini akitafuta gari la Tarime. Hakudanganya mtu. Afisa naye hakuvunja kanuni yoyote. Lakini kuanzia hapo mama huyo yumo katika nchi ya watu bila rekodi, na siku ya kurudi akiulizwa aliingia lini, hana karatasi ya kumjibia.

4.3 Kwa nini hali hii inadumu. Sababu ya kwanza ni gharama na umbali. Pasipoti ya kurasa 34 nchini Kenya sasa inapita shilingi 7,000, na mwombaji lazima asafiri hadi Kisii au Kisumu kuchukuliwa alama za vidole. Kwa mama anayeuza omena hiyo ni mtaji wote.

Sababu ya pili ni kitambulisho. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wasafiri kwa vitambulisho vya taifa. Ndiyo sababu mtu wa Busia anavuka kwenda Uganda kwa kadi yake, na mtu wa Isebania haruhusiwi kuingia Tanzania kwa kadi ile ile. Tanzania haikujiunga na mpango huo. Nchi huru ina haki ya kuamua hivyo, na siwezi kuilaumu. Hata hivyo Ibara ya 9 ya Itifaki inasema nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki zinaweza kufanya hivyo. Kenya ina kadi ya Maisha. Tanzania ina kadi ya NIDA. Mlango wa kisheria upo wazi, na vifaa vipo. Kinachokosekana ni makubaliano.

Sababu ya tatu ni watoto. Kwetu mtoto huenda kokote na nyanya yake, na hakuna anayeuliza. Sheria inamtaka kila mtoto awe na hati yake na idhini ya mzazi, na ni sawa, kwa sababu wizi wa watoto upo na mabinti huvushwa mpaka kwenda kukeketwa. Kwa hiyo siombi ulinzi huo ulegezwe. Naomba vyeti vya kuzaliwa vipatikane mapema, mtoto akiwa bado mchanga.

Sababu ya nne inaniuma zaidi, kwa kuwa dawa yake haigharimu pesa. Ni taarifa. Wengi hawajui kwamba muhuri wa raia wa Jumuiya haulipiwi, na wanaokwepa dirisha kwa kuogopa ada huishia kumlipa wakala wa njia ya panya. Tumeomba kwa miaka mingi ubao mmoja wenye maelezo kwa Kiswahili, Kikuria na Dholuo. Tumeandika barua, tumehudhuria vikao, na kila mara tumeambiwa suala linashughulikiwa.

4.4 Madhara yake. Asiye na muhuri ni mkosaji hata akiwa nyumbani kwa shangazi yake. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ya uraia na uhamiaji, kosa la kuwepo nchini kinyume cha sheria linaweza kumletea mtu faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kutishwa, na anayetishwa hulipa bila risiti. Akipata ajali, ndugu zake watahangaika kuthibitisha alifikaje huko. Mama akidhulumiwa sokoni, ataogopa kuingia kituo cha polisi.

Mfanyabiashara ana hatari ya ziada. Muhuri wa matembezi si leseni ya biashara. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, ikiwemo kununua mazao shambani, kutengeneza simu na uwakala wa pesa kwa simu. Wanunuzi wetu wa mahindi waliozoea kuingia hadi mashambani Tarime sasa wanakabiliwa na makosa mawili kwa pamoja, la kuingia bila rekodi na la kufanya biashara iliyokatazwa. Njia iliyobaki salama ni kununua sokoni na kwa wafanyabiashara wenye leseni, na kutumia utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000.

Serikali nazo zinapata hasara. Mtu asiyeandikwa hahesabiwi. Kituo kinaonekana kina wasafiri wachache kuliko uhalisia, na hivyo kinapangiwa maafisa wachache. Foleni inakuwa ndefu, na foleni ndefu inawarudisha watu kwenye mahindi.

5. Mapendekezo

Kwa serikali za Kenya na Tanzania:

(i) Zitumie nafasi iliyotolewa na Ibara ya 9, zikubaliane kuhusu vitambulisho vya taifa. Kama nchi nzima ni mapema, zianze na wakazi wa kaunti na wilaya zinazopakana.

(ii) Wakati makubaliano hayo yakisubiriwa, kibali cha muda kitolewe mpakani penyewe, siku hiyo hiyo, na kwa bei ambayo muuza omena anaimudu.

(iii) Uwepo utaratibu wa dharura kwa msiba na ugonjwa, kwa barua ya chifu upande mmoja na ya mtendaji wa kijiji upande wa pili.

(iv) Uwekwe ubao wa maelezo kwa Kiswahili, Kikuria na Dholuo, unaoonyesha kinacholipiwa na kisicholipiwa.

(v) Huduma kama hiyo ifike Muhuru Bay, ambako wavuvi na wachuuzi huvuka kwa mashua.

Kwa serikali ya kaunti:

(vi) Chanjo ya homa ya manjano ipatikane karibu na mpaka kwa siku zinazojulikana, ili mtu asiikumbuke asubuhi ya safari.

(vii) Zahanati ziwasaidie wazazi kuandikisha kila mtoto anayezaliwa, kwani mtoto asiye na cheti hawezi kupata kibali.

Kwa machifu:

(viii) Kila baraza liwe na dakika chache za kueleza kwamba viza haihitajiki lakini muhuri unahitajika.

(ix) Barua ya chifu itolewe bila malipo na bila kumzungusha mwombaji.

Kwa wahudumu wa bodaboda:

(x) Mpeleke abiria dirishani kwanza. Anayevusha mtu kwa njia ya panya anajiweka katika hatari ya mashtaka pamoja na abiria wake.

Kwa wasafiri:

(xi) Shughulikia kibali kabla ya msiba kutokea. Kiweke nyumbani kama unavyoweka kitambulisho.

(xii) Ukigongewa muhuri, usome pale pale dirishani: tarehe, na siku ulizopewa. Kosa likirekebishwa hapo ni dogo. Likigunduliwa barabarani ni kesi.

(xiii) Gonga muhuri wa kutoka pia. Usiporekodiwa kutoka, kitabu kinaonyesha bado uko huko.

(xiv) Ukiombwa malipo, omba risiti. Muhuri wa raia wa Jumuiya haulipiwi.

6. Hitimisho

Ndugu washiriki, haki ya kuvuka mpaka huu bila viza imekuwapo kwenye sheria tangu mwaka 2010. Kwa mama wa Kuria na mvuvi wa Muhuru bado ni maneno ya kitabuni, kwa sababu hati inayohitajika iko mbali na bei yake ni kubwa. Makubaliano ya vitambulisho yako mikononi mwa Nairobi na Dodoma, na tutaendelea kuyadai kwa njia zilizo sahihi. Barua ya chifu, cheti cha mtoto na dakika chache za baraza viko mikononi mwetu. Nawasihi machifu mlio hapa: katika baraza lenu lijalo, waambieni watu kwamba muhuri ni bure, na kwamba wapite dirishani.